Karatasi ya Bluu kwenye Bidoni Namba 15

Pale Mubi walimwita Mama Etiketi, na msidhani walimwita hivyo kwa mapenzi. Jina alilopewa na baba yake ni Emérence, mtu wa Muheto kule Masisi, lakini jina hilo lilikuwa limebaki kwenye cheti cha ubatizo tu. Ukimkuta mtu barabarani analalamika kwamba alikwenda kununua javel, ile dawa ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu, akarudi na somo la nusu saa, ujue ametoka depo ya Papa Hubert, na ujue ni nani aliyemhudumia.

Maana huyo mama hakuwa na uwezo wa kuuza kitu kimyakimya. Depo ilikuwa na javel, asidi ya betri, dawa ya kupe, dawa ya panya, vyote vikipanda kutoka Goma ndani ya mapipa makubwa, na vyote vikipimwa humohumo na kutiwa kwenye bidoni za lita ishirini, zile za njano ambazo kila nyumba ya Kivu inachotea maji na kuwekea mawese. Hapo ndipo hasira yake ilipoanzia. Bidoni zote ni za njano, mifuniko yote ni ileile, na kwa jinsi alivyoona yeye, dunia nzima ilikuwa imekula kiapo cha kutoandika lolote juu yake. Basi kila bidoni iliyopita mikononi mwake ilivalishwa etiketi ya karatasi: ya bluu kwa javel, nyekundu kwa asidi, ya kijani kwa dawa ya kupe. Jina kwa herufi kubwa, Kifaransa juu, Kiswahili chini, picha ya mkono unaoliwa na maji makali, na mistari ya kueleza ufanye nini yakikurukia machoni. Alikuwa amejifunza hayo yote Goma, formasio ya siku tano, akarudi na cheti, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika.

Wengine walisema ni majivuno ya cheti. Wala hayakuwa majivuno. Baba yake, Papa Jean-Marie, alirudi kutoka shamba la maharage mchana mmoja wa jua kali, akainua chupa ya kasiksi, pombe ya ndizi, iliyokuwa nyuma ya mlango, akapiga mafunda matatu. Kumbe jirani aliyekuwa ameiazima chupa ile ameirudisha na dawa ya kupe ndani, zawadi ya ng'ombe wao wawili, bila neno lolote juu yake. Alitoka povu siku mbili, ya tatu wakamzika. Emérence alikuwa na miaka kumi na tisa, na mpaka leo akiona chupa isiyo na jina mikono yake inaanza kutetemeka, na kutetemeka huko watu huona ni ukali.

Alichokichukia kuliko vyote ni pua za watu. Huku kwetu mtu akiletewa bidoni, la kwanza anafungua mfuniko, la pili anaingiza pua. Mawese, petroli, pombe, javel, pua inavijua vyote, na nani asome karatasi wakati ana pua? Emérence aliwakemea mpaka sauti ikamkauka. Aliwaambia kuna vitu ukivivuta karibu vinakuchoma kifua. Usinuse, usionje, soma. Kama hujui kusoma, tazama rangi. Aliyasema hayo Mubi, akayasema kwenye vituo vya afya vya barabara nzima, na mwaka jana alipanda mwenyewe mpaka Omate, kule machimboni, akakaa na wafanyakazi wa kituo asubuhi nzima akiwafundisha rangi. Wengi walisinzia. Aliyeshika ni mmoja, Mama Verdiane, yule anayefagia na kuosha sakafu, ambaye hakuwahi kukalia benchi ya shule hata siku moja. Yeye alirudia baada yake: bluu javel, nyekundu asidi, usinuse. Emérence alimpenda mwanamke huyo papo hapo.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili lisikilizeni vizuri. Kule Muheto kila nyumba huchoma alama yake chini ya bidoni kwa msumari wa moto, ili kwenye chemchemi mtu asijitwike bidoni ya mwenzake. Emérence aliihamishia desturi hiyo depo. Kila bidoni ilichomwa namba kwenye kitako, na mpokeaji, kabla ya kusaini bordero, karatasi ya kupokelea mzigo, ilimpasa aigeuze na kunakili namba hiyo. Namba ipi imebeba nini, hilo aliliandika kwenye daftari lake na kulifungia sandukuni. Hakumwambia mtu. Alikuwa anawashuku wenye pikipiki kwamba njiani wanapunguza mali na kuongeza maji, ao wanabadilisha bidoni, akasema ngoja, siku moja nitawakamata. Wapokeaji walinakili namba wasijue za nini, wakadhani ni moja ya matatizo yake.

Sasa, Jumatano ile ilipatikana habari kwamba kipindupindu kimeingia Omate. Alhamisi asubuhi Emérence akamfungia Thierry bidoni mbili kwenye pikipiki. Namba 14, javel, karatasi ya bluu, kwa kituo cha afya. Namba 15, asidi, karatasi nyekundu, kwa Papa Déo, anayewachajia wachimbaji betri za taa. Thierry alikuwa motari wa siku nyingi, baba wa watoto wanne, mtu asiyelewa kazini, na kati ya wenye pikipiki wote wa Mubi ndiye pekee ambaye mizigo yake ilifika na etiketi nzimanzima, bila tope wala kona iliyochanika. Emérence alikuwa akimtaja mbele ya wengine kama mfano.

Ijumaa saa tatu asubuhi Thierry alirudi, akaweka bordero mezani, akaomba maji ya kunywa. Emérence alifungua sanduku, akatoa daftari, akalinganisha kwa mazoea tu. Kituo cha afya Omate: javel, etiketi ya bluu, hali nzuri, bidoni namba 15. Papa Déo: asidi, etiketi nyekundu, hali nzuri, bidoni namba 14. Alisoma tena. Akageuza karatasi nyuma kana kwamba kule kuna maelezo mengine, akarudi mbele, namba zikawa zilezile.

Akamuuliza Thierry, kwa sauti ya chini kabisa, nani amegusa zile karatasi. Thierry akaweka kikombe chini. Na muone mambo: hakuficha, alijibu kwa fahari kidogo.

"Mama, ile picha ya mukono wale wa bariere hawaipendake. Wanasema ni kitu ya bomu, wanakamata muzigo siku mbili, tatu. Njo maana mbele ya bariere natoaka karatasi polepole, naziweka mu kitabu ya nyimbo ya kanisa zisikunjike. Nikiisha kupita, nabandika tena. Hata moja sijapoteza."

Emérence akamuuliza watu wa bariere, wale wanaofunga njia kwa kamba na kupekua mizigo, wanaambiwa nini kimo ndani. Thierry akasema huwaambia ni mikojo ya wagonjwa inakwenda labo, na hakuna aliyewahi kuomba kufungua. Siku nyingine angecheka. Akamuuliza alijuaje ipi ni ipi wakati wa kubandika. Thierry akasema si kazi, javel hukaa kushoto, asidi kulia, siku zote. Akakumbuka kwamba jana, kwenye kijito cha kabla ya bariere, pikipiki ilizama mpaka rimu, akashusha mizigo yote ili aisukume, halafu akapakia upya. Uso wake ulianza kubadilika kabla hajamaliza kusema.

Tuseme wazi, ili asiwepo wa kuuliza baadaye. Kituo cha Omate kina stoo ndogo isiyo na dirisha, na ndani yake kuna pipa la javel ya kuosha sakafu na kunawia mikono. Pipa hilo haliishi. Likipungua linaongezwa juu ya kilichobaki. Anayeongeza ni Mama Verdiane. Na asidi ukiimwaga juu ya javel inatoka hewa ya manjano inayochoma mapafu, na kwenye chumba kilichofungwa pumzi chache zinatosha. Emérence aliliona pipa hilo kwa macho yake mwaka jana. Alilibandika karatasi ya bluu yeye mwenyewe.

Alipiga simu kwa Josiane, muuguzi mkuu wa kituo. Haipatikani. Omate neti ya simu inashikwa juu ya kilima kimoja tu, na nani anapanda kilima wakati watu wanahara? Alipiga mara saba, akaandika ujumbe, akapiga tena. Akaenda kwa Papa Hubert, mwenye depo, aliyekuwa chumba cha nyuma na mashine yake ya kukokotoa. Papa Hubert aliivuta bordero, akaipitia kwa kidole, akasema mbona iko sawa: bidoni mbili zimetoka, bidoni mbili zimepokelewa, etiketi zipo, saini ipo, muhuri upo. Mukaguzi akija leo, depo iko en règle, haina kosa. Emérence akamweleza upya, taratibu, kama anaeleza mtoto wa darasa la kwanza, kwamba karatasi zimebadilishana. Papa Hubert akasema hilo ni kosa la motari, litakwenda kwa motari, na je, leo nani anabaki depo? Akaona ufunguo unatua juu ya mashine yake, na mama wa watu ameshatoka.

Njia ya kwenda Omate ni saa tatu ikiwa kavu, na kavu hiyo hakuna aliyeiona. Thierry aliendesha kama mtu anayekimbiza kitu, Emérence nyuma ameshika begi lenye etiketi mpya, bluu na nyekundu, maana ndiyo kitu cha kwanza mkono wake ulichukua alipotoka. Matope yaliwapanda mpaka kwapani. Walisukuma, wakapanda, wakasukuma tena. Njia nzima alikuwa akihesabu: pipa likijaa hudumu siku tatu, lakini na kipindupindu siku moja, basi leo, basi mchana huu. Alimchukia Thierry, akawachukia watu wa bariere, akamchukia Papa Hubert na muhuri wake. Kisha daftari lililofungiwa sandukuni likamjia kichwani, akaliondoa kwa nguvu, likarudi.

Karibu na bariere Thierry alipunguza mwendo, akamwambia juu ya bega: Mama, ukiulizwa, sema unapeleka dawa ya kuhara, begi usilifungue. Hapo ndipo mwanamke huyu aliponiudhi, na ninamwelewa, lakini aliniudhi. Alisema yeye hawezi kudanganya juu ya kitu anachofundisha watu. Alisema uongo wa bariere ndio uliotufikisha hapa. Na kijana aliponyoosha kamba na kuuliza kwenye begi mna nini, Emérence alisimama wima na tope lake, akafungua begi, akasema ni etiketi za bidhaa za hatari, kuna asidi imepelekwa kituo cha afya kwa makosa, anaomba apite haraka kabla mtu hajafa.

Loo. Neno asidi peke yake lingetosha. Wakashushwa, pikipiki ikaegeshwa, begi likamwagwa juu ya meza. Chef wa bariere, msimamizi wao, alichukua karatasi moja moja, akaitazama picha, akasema huu ni mkono unaolipuka. Emérence akasema haulipuki, unaliwa. Unaliwa na nini? Na asidi. Basi asidi iko wapi? Iko Omate. Nani aliiruhusu kupita? Thierry akatazama miguu yake. Chef akasema jambo hili limemzidi cheo, lazima mkubwa wake alione, na mkubwa wake amekwenda kuoga mtoni. Wakakaa juu ya gogo. Emérence alieleza, akaomba, akapaza sauti, akaambiwa mama ukipaza sauti utalala hapa. Alilia kwa hasira mbele ya wanaume hao wote na hakuona haya. Saa mbili zilipita. Mkubwa alikuja na taulo shingoni, akageuza etiketi juu chini, akauliza ni Kifaransa cha wapi, mwishowe akasema waende, lakini karatasi zote zinabaki kama ushahidi. Hata moja hawakumwachia.

Waliliona jambo kabla ya kufika mlangoni. Wagonjwa walikuwa wamelazwa nje kwenye majani, chupa za serumu zimefungwa kwenye matawi ya mti wa parachichi na kwenye kamba ya nguo. Mlango wa kituo umeachwa wazi, hakuna aliyekuwa anaingia. Josiane alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka, kitambaa chenye maji mkononi, na juu ya mkeka alikuwa Mama Verdiane amelala kwa ubavu, macho mekundu, kifua kinapanda na kushuka mbiombio, na kila pumzi inatoka na mlio.

Josiane alisema imetokea muda mfupi tu, hata saa moja haijatimia. Verdiane alikwenda kuongeza javel, akamwaga jagi mbili, wakasikia kikohozi, wakasikia jagi limeanguka, akatoka anatambaa. Hakufa, kwa sababu mlango wa stoo bawaba yake ni mbovu na haujifungi wenyewe. Josiane alimtazama Emérence, akatazama matope yake, akauliza amejuaje, na kabla hajajibiwa akauliza tena, sauti ikiwa imebadilika, kwamba alijua tangu lini.

Emérence alieleza. Alieleza karatasi zilizotolewa na kurudishwa, alieleza namba. Josiane akasema lakini ile namba aliinakili yeye mwenyewe kwa mkono wake, kumi na tano, aliiona, akaiandika. Angejua maana yake asingeipokea ile bidoni. Kwa nini hawakuambiwa? Emérence alifungua mdomo kusema habari ya wezi na maji, akaona jinsi maneno hayo yatakavyosikika hapo, mbele ya mkeka huo, akaufunga.

Na wakati bado wamesimama hivyo, akatokea Papa Déo na bidoni begani, anakuja na malalamiko yake. Aliitua chini mbele ya Emérence, karatasi nyekundu inawaka juu yake, akasema vizuri sana umekuja mwenyewe, hii umeniletea si asidi, hii ni javel. Nyumba yake haifiki hatua mia moja kutoka kituo.

"Umejuaje?" Emérence alimuuliza.

"Si nilinusa? Tangu jana nilinusa."

Tangu jana. Emérence alimuuliza kama tangu jana alijua karatasi nyekundu imekaa juu ya javel, hakuwaza karatasi ya bluu imekaa juu ya nini? Papa Déo akasema yeye aliwaza wamekosea mzigo wake tu, akaiweka nyuma ya mlango, akasubiri Thierry arudi. Ndipo akaona wagonjwa majanini, akaona mkeka, akauliza taratibu kuna nini. Huyu Papa Déo ndiye aliyesinzia kwenye somo mwaka jana, safu ya mbele, mdomo wazi. Siku ile alikuwa amepita kuomba maji ya kunywa akabaki kwa ajili ya kivuli. Sasa alikuwa amesimama hapo mzima, mapafu yake mazima.

Emérence alipiga magoti kando ya Verdiane. Alitaka kusema pole, na pole aliisema, ikawa ndogo sana. Verdiane alimshika kiganja. Sauti ilikuwa imekwisha, ulibaki mnong'ono, na ilibidi Emérence ainame mpaka sikio liguse midomo.

"Nilisikia haina harufu ya javel," Verdiane alisema. Akapumzika, akavuta hewa. "Nikasema ni pua yangu njo iko na makosa. Juu karatasi yako haidanganyake."

Hakusema kwa lawama. Lawama Emérence angeiweza, alikuwa amezizoea lawama barabara nzima. Mwanamke alikuwa anamweleza tu ilivyokuwa, kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu kwamba alifuata somo. Emérence alikaa chini kwenye majani na kulia kilio kingine, si kile cha bariere.

Mchana ulisogea. Josiane alimwekea Verdiane dawa za kufungua kifua alizokuwa nazo, chache, akasema mapafu mtu huyajua kesho yake, leo tusubiri. Thierry alijitolea kufungua ukuta wa nyuma wa stoo ili hewa itoke. Alivunja mbao tatu kwa nje kwa shoka, kitambaa chenye maji usoni, akirudi nyuma kila pigo, na hakuna aliyemwagiza. Kitabu chake cha nyimbo alikitoa mfukoni akakiweka juu ya tangi la pikipiki, na hakukigusa tena.

Lakini kipindupindu hakingoji watu wamalize kulia. Kabla jua halijafika mitini waliletwa wagonjwa wengine wawili, na Josiane akasema anahitaji javel sasa hivi, ya mikono, ya ndoo, ya majani ambayo watu wametapikia. Javel ilikuwepo, ndani ya bidoni namba 14. Emérence aliibandua ile karatasi nyekundu. Ya bluu ya kuweka mahali pake hakuwa nayo, zote zilibaki bariere, na zilizokuwa kituoni, ya pipa na ya bidoni ya asidi, zote zilikuwa ndani ya stoo ambayo bado hakuna wa kuingia. Basi ikabaki bidoni ya njano iliyo uchi, isiyo na neno lolote juu yake, kama ile chupa ya nyuma ya mlango kule Muheto.

Aliomba makaa na msumari. Akakaa chini, akaupasha msumari mpaka ukawa mwekundu, akachoma ubavuni mwa bidoni, si kitakoni, herufi moja moja, kubwa, J na A na zilizobaki, plastiki ikifuka moshi. Hizo hakuna kitabu cha nyimbo kitakachozibeba. Josiane alisimama akimtazama, akasema wangefanya hivyo tangu mwanzo. Emérence akasema ndiyo.

Alipomaliza alimpa Josiane bidoni, na Josiane akainama kuichukua, ndipo Verdiane akainua mkono kutoka mkekani. Alikuwa amekalishwa, mgongo kwenye shina la mparachichi. Alizitazama zile herufi ambazo hakuweza kuzisoma, akamtazama Emérence, akaita kwa kidole. Emérence akaisogeza bidoni karibu.

"Ifungule."

Emérence akageuza bidoni upande ambao upepo unatoka nyuma yao, akafungua mfuniko kidogo. Harufu ya javel ikatoka, ile kali ya sakafu zilizooshwa, hata Thierry kule kwenye shoka aligeuza kichwa. Verdiane alinyoosha shingo, akavuta hewa kwa shida, akasubiri. Akavuta tena. Kisha macho yake yakatulia juu ya Emérence, na mara ya kwanza siku hiyo yakaonekana yanaogopa.

"Sisikie kitu," alisema. "Nusa we."

Emérence aliinama juu ya mdomo wa bidoni, yeye ambaye alikuwa amewapiga watu mikono kwa kufanya hivyo, akavuta hewa kwa mkono kuelekea puani. Ikamchoma kidogo. Hakuwa na shaka hata kidogo, lakini alinusa mara ya pili.

"Ni javel, Mama Verdiane."

"Sema kweli."

"Kweli. Ni javel."

Verdiane alimtazama usoni kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama kitu anachojifunza kukisoma. Bidoni hakuitazama tena. Kisha akamwambia Josiane kwa kichwa kwamba wanaweza kuipeleka kwa wagonjwa.